Mbale Haijahama

Idi iliyopita, tukiwa kwenye basi, mjukuu wangu alinionyesha simu yake: kutoka Jinja hadi Mbale kwa ndege, hata nusu saa haifiki. Akauliza kwa nini tunateseka na barabara. Nilicheka tu, rafiki yangu, maana sufuria ya pilau ilikuwa mapajani mwangu na akili yangu ilikuwa imesharudi utotoni.

Bibi yangu hakujua kilomita. Shangazi alipoolewa Nkoma, kule Mbale, akawa analia kwamba amepelekwa mbali, Bibi alimwambia ameolewa, hakufukuzwa. Kila Idi Pili atakula pilau ya mama yake, ikiwa moto. Hicho ndicho kikawa kipimo chetu. Baada ya swala ya alfajiri Bibi aliepua sufuria, akaifunika kwa majani ya mgomba, akaizungushia blanketi kuukuu lililonuka bizari na moshi, tukapanda basi. Kabla ya salamu, Shangazi aliweka kiganja kwenye sufuria.

"Ya moto, mama."

"Basi Mbale haijahama," Bibi alijibu, ndipo wakakumbatiana.

Vita vikaja. Njia ikajaa vizuizi, na majirani wakamsihi Bibi aache, mtu hafi kwa kukosa pilau. Alikataa katakata. Alisema akiacha mwaka mmoja tu, wenye bunduki watakuwa wamemnyang'anya mtoto.

Karibu na Iganga, askari alilitazama blanketi letu lililokuwa likifuka mvuke.

"Mama, iko nini ndani? Fungua."

"Pilau, afande. Kama ni bunduki, basi imeshaiva."

Askari hakucheka. Alifunua majani, akachoma wali kwa singe ya bunduki yake mpaka chini. Kizuizi kilichofuata vivyo hivyo, na kingine. Tulifika jua linazama, mafuta yameganda juu ya wali. Shangazi akaweka kiganja, akakiacha hapo.

"Ya moto, mama."

Tukaketi mkekani. Bibi akamega tonge, akalipuliza. Shangazi naye akapuliza. Mimi nikabaki nimetoa macho.

"Puliza, mtoto. Usije ukaungua," Bibi akaniambia, bila mzaha hata chembe.

Nikapuliza. Miaka yote ya vita tulipuliza pilau baridi, na mpaka leo najivunia. Amani iliporudi, pilau ilifika na mvuke wake. Tukasahau kupuliza, tukaungua ndimi, Bibi akacheka hadi machozi.

Sasa Bibi yuko kaburini. Vizuizi vimetoweka, na blanketi langu ni la dukani, halinuki kitu. Namkumbuka sana. Idi hiyo iliyopita lori lilikwama barabarani mbele yetu, tukafika jioni. Shangazi, ambaye macho yamemchoka, akaitafuta sufuria kwa mkono.

"Ya moto," akasema.

Mjukuu wangu akagusa wali kwa kidole, akanitazama.

"Puliza," nikamwambia.