Leta Iko Mugeni

Kwetu, upande wa Wamaza, serikali ya Wabelgiji tuliiita Leta. Karani mmoja alinieleza baadaye kwamba ni neno la Kifaransa tu, l'État, yaani dola, limelainika midomoni mwetu. Mimi utotoni niliamini jina limetokana na kazi. Leta pamba. Leta mawese. Leta wanaume wa barabara. Sikuwahi kuisikia Leta ikisema chukua.

Baba alikuwa kapita wa kijiji, maana yake yeye ndiye aliyetumwa kuwaambia watu maneno ya Leta, na yeye ndiye aliyeulizwa watu wasipotii. Kazi mbaya hiyo, ukisifiwa huku unatukanwa kule. Aliifanya bila kumpiga mtu. Jioni alipenda kubishana na shemeji zake juu ya nguvu: mtawala anaweza kuchukua nini, na nini hawezi. Alisema machifu wa zamani walikuwa wakali, wengine waliuza hata watu, lakini palikuwa na mahali ambapo chifu akifika anavua kofia kama wewe na mimi. Jikoni kwa mwanamke. Mbele ya mbegu iliyowekwa akiba. Na kwenye matanga. "Nguvu isiyo na mwisho si nguvu," alisema, "iko ugonjwa." Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, huku nasikiliza, na niliona hakuna mwenye akili kumshinda. Hata leo naona hivyo, ndiyo maana bado nina hasira.

Bibi, mama yake baba, alikufa wakati wa kupanda pamba. Kwetu mtu akizikwa, jembe haligusi udongo mpaka matanga yavunjwe. Udongo umempokea mtu wenu, mnauacha upumzike. Basi kijiji kizima kikakaa chini kwenye mikeka.

Akaja monitere wa pamba, msimamizi wa kilimo aliyetumwa na Leta, mtu mweusi kama sisi, ila yeye alikuwa na viatu na filimbi. Akapuliza filimbi yake. Hakuna aliyeinuka. Baba akamwambia kwa heshima, "Monitere, mama amelala udongoni. Ngoja tumalize kilio, pamba tutapanda." Monitere alipanda baiskeli yake akaenda Kabambare, kwenye ofisi ya Leta, na akarudi nyuma ya Bwana Mkubwa mwenyewe, mtawala wa wilaya nzima, na polisi.

Bwana Mkubwa yule alijua Kiswahili, na huo ndio uliokuwa msiba wetu wa pili. Asingejua, mkalimani angetengeneza maneno kama wakalimani wanavyofanya, na kila mtu angelala kwake. Alisimama katikati ya waliofiwa, kofia kichwani, akauliza, "Hapa mukubwa ni nani, mimi ao maiti?"

Baba alikung'uta mkeka, akautandika. Akasema, "Bwana, kaa. Leta iko mugeni hapa."

Mswahili yeyote anajua neno hilo lina uzito gani. Mgeni anapewa maji ya kuoga, anapewa firigisi ya kuku, watoto wanaambiwa wanyamaze. Lakini mgeni haamrishi katika nyumba yenye kilio. Baba aliweka heshima na mpaka ndani ya neno moja, na aliliweka taratibu kama mtu anayemkabidhi mwenzake yai. Tatizo ni kwamba mgeni ni yule yule aliyetoka mbali, asiye wa hapa, atakayerudi kwao. Bwana Mkubwa alisikia hilo tu. Sisemi alikosea kabisa. Baba alijua kuchagua maneno.

Huenda lingepita. Ila matanga yetu yana watani, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ya kuwachokoza wafiwa ili wasife na wao kwa huzuni. Mtani wetu alikuwa na mdomo usio na mlango. Alikwisha kujifunga kitenge cha bibi na kuiga bibi alivyokuwa akigomba na kuku wake. Basi aliposikia neno mugeni, hakuweza kujizuia. Akasema kwa sauti, "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe."

Watu walicheka. Hata baba, machozi hayajakauka, alicheka. Methali hiyo kila mtu anaijua, na utani wa matanga haukasirikiwi. Anayekasirika ndiye anayetozwa kuku. Hakuna aliyemweleza hivyo Bwana Mkubwa. Yeye alijiona ameshikishwa jembe kwenye pamba yake mwenyewe, mbele ya wanawake.

"Nani amesema?"

Mtani alikuwa amejikunja ndani ya kitenge cha bibi. Baba akasimama. "Mimi ndiye kapita. Maneno yote ya hapa ni yangu."

Walimfunga mikono, wakaondoka naye matanga ya mama yake hayajavunjwa. Siku ile ile wanaume wakashika majembe. Nilisikia vyuma vinagonga udongo, nikaona aibu kana kwamba tumemvua bibi nguo.

Huko Kabambare baba alichapwa fimbo na kupelekwa kuvunja mawe ya barabara. Kisha Bwana Mkubwa akampa sharti. Siku makapita wote watakapokusanyika, asimame mbele yao aseme: Leta ndiyo mwenye nyumba, mimi ndiye mugeni. Akisema, atarudi kwake. Akikataa, atapelekwa nchi ya mbali, kwa watu asiojua hata lugha yao, kama walivyopelekwa wengine ambao hatukuwaona tena.

Mimi na mama tulikuwa tunamletea bugali kwa miguu. Mara ya mwisho mama hakumngoja hata ale.

"Baba ya watoto, sema tu. Maneno hayavunji mufupa."

"Kama hayavunji, mbona anayataka hivi?"

"Mukono usioweza kuukata, ubusu. Wakikupeleka huko, mimi nitazika nini?"

Baba aliniangalia. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya mzee. "Na wewe, unasema nini?"

Nilisema, "Baba, rudi." Maneno mawili. Ningekuwa pale tena leo, ningeyasema tena, na ningeyajutia tena.

Alisema alichoambiwa. Makapita walikuwa wamepangwa mstari, wengi wakitazama vidole vya miguu yao. Hakugugumiza, hakunong'ona, alilitamka kila neno mpaka mwisho. Bwana Mkubwa akampa mkono, akamrudishia kofia yake ya ukapita. Njiani mama alikuwa anaimba kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimebeba kofia ile, nimefurahi kama nani.

Kesho yake majirani walikuja kumwona. Walisimama nje, wakapiga hodi. Baba alikuwa amekaa mlangoni, kwenye kiti chake, anawaona na wanamwona. Alikaa kimya. Wakapiga hodi tena. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Si uwaitikie, watu wamesimama juani."

Baba akasema polepole, bila ukali, "Muulizeni mwenye nyumba."

Tulidhani ni mzaha. Wageni wakacheka, wakangoja amalize mzaha wake. Hakumaliza. Kwa miaka yote aliyobaki hai, watu walipiga hodi mlangoni petu, na baba akawatazama kwa macho mema, mdomo umefungwa. Mama ndiye aliyekuwa anatoka mbio jikoni, mikono ina unga, akisema karibuni, karibuni, kabla hawajaelewa kwamba yeye hatasema.