Nta ya Bunduki ya Baba

Bunduki ya kuwindia ya baba yangu ilikuwa inanukia asali. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikaa barazani kwetu Sikonge na kipande cha nta ya mizinga yake mwenyewe ya nyuki, akapaka kitako cha mbao taratibu mpaka kikang'aa. Aliirithi kwa babu, na kibali chake kipo. Aliipenda, na simung'unyi maneno, kuliko alivyotupenda baadhi yetu.

Mwaka jana kaka yangu anayefanya kazi Dar akamletea mpya. Nyepesi, nyeusi, kitako cha plastiki. Nia ilikuwa njema, maana bega la baba limechoka na ile ya zamani nzito kama mchi. Ila mama akaja juu: "Bunduki mbili chini ya paa langu, hapana. Chagueni. Itakayokataliwa ipelekwe polisi ikateketezwe." Baba akasema sawa, zipimwe.

Akazilaza kwenye mkeka. Mimi nilikuwa upande wa ile ya zamani, tena waziwazi. Skrubu zake zote mifereji imeelekea upande mmoja. Fundi aliyezikaza hakuinuka mpaka zilingane. Chuma kilipokutana na mbao hata unywele haupiti. Ile mpya mshono wa plastiki umeshuka tumboni mwote, na kati ya mtutu na kitako karatasi inapita.

"Beseni la mnadani lina mshono nadhifu kuliko huu," nikamwambia kaka.

"Dada, tunakwenda kuiwindia au kuiposa?" Akanieleza kuwa ule mwanya umeachwa makusudi, mtutu usiguswe na kitu. Sikutaka kumwelewa.

Tukaenda mwisho wa shamba, tukaegemeza mzinga mbovu kwenye kichuguu. Baba akaanza na ya kwake. Risasi zikatawanyika, moja haikugusa kabisa. Nikasema ni bega. Baba akachukua mpya, akaiweka kwenye bega lilelile, akapiga. Matundu yalikaa pamoja hata kifuniko cha soda kingeyafunika.

"Si bega," akasema. "Mtutu umelika ndani. Wale wa zamani walijua kupamba na kukaza. Hawa wanajua kunyoosha. Hii mpya imeshinda." Alisema bila kinyongo, kama anayegawa nyama kwa haki. Mimi ndiye niliyeumia, nikamnunia kaka siku nzima.

Asubuhi ya kuipeleka ile ya zamani polisi nilimkuta baba barazani na nta yake. Haikuwa Ijumaa. Alikuwa anapaka kitako, anafuta, anapaka tena.

"Baba, si inakwenda kuteketezwa?"

"Ndiyo. Kwa hiyo niipeleke chafu?"

Kituoni askari kijana alimwamkia shikamoo, akaipokea kwa mikono miwili, kisha akanusa viganja vyake. "Mzee, mbona inanukia asali?"

Baba aliuliza tu, "Mtaiweka wapi kabla ya siku yenyewe? Isikae penye unyevu. Mbao yake hupasuka."

Yule askari akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

"Tutaiweka pakavu, mzee," akasema, na nampenda mpaka leo kwa jibu lile.

Ijumaa iliyofuata baba alitoka msikitini, akaketi pale pale na ile mpya mapajani. Akamega nta. Plastiki hainywi nta. Ilibaki juu juu, ikafanya mabaka meupe. Akaifuta kwa kitambaa, akaitazama kidogo, akaanza upya kwa utaratibu wake uleule.

Jioni kaka akapiga simu kuuliza kama baba ameizoea.

"Leo ameipaka nta," nikamwambia.

"Lakini dada, plastiki haihitaji nta."

"Najua," nikasema. "Na yeye anajua."