Mama Boke Nyuma ya Pazia

Mimi ni Msukuma wa Kahama. Huku Tarime nilikuja kufuata dhahabu, na dhahabu yenyewe sikuiona ila kwenye jino la tajiri mmoja aliyekuwa akila kwangu wali maharage. Wachimbaji walipohama na mimi nikachoka kuhama, nikapata kiwanja Itiryo nikajenga. Kiwanja nilinunua, jirani nikapewa bure. Huyo jirani ndiye ninayetaka kumsema leo, na simsemi kwa ubaya.

Jina lake ni Rhobi Mseti, lakini ukiuliza Rhobi hapa kijijini utaonyeshwa wanawake kumi. Ulizia Mama Boke. Mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akapelekwa kisimani. Akaolewa mapema, akazaa Boke, mumewe akafariki mtoto hajaota meno. Kusoma hakujua hata herufi moja. Ila kichwa chake, jamani! Msomee sura nzima ya Biblia leo jioni, kesho atakurudishia neno kwa neno, na pale ulipokohoa atakuambia ulikohoa.

Kwa kichwa hicho alianzisha shule ya Jumapili. Si ya kanisani. Pale parishi yetu ya Presbiteri madawati ya watoto yalikuwa yanajaa wasichana tu, wavulana hakuna, na wazee wakawa wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawamjui Mungu. Mama Boke akawauliza, "Ng'ombe wanachungwa na nani?" Huku ng'ombe hajui Jumapili, anataka majani kila siku, na anayempeleka ni mtoto wa kiume. Basi yeye ibada ikiisha alikuwa anabeba dumu lake la uji, anapanda kilimani malishoni, anakaa kwenye jiwe na wale wachungaji wadogo wanamzunguka. Anawapa uji, anawapa hadithi. Daudi na kondoo wake, Yusufu na kaka zake. Hadithi za wafugaji kwa watoto wa wafugaji, wala hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mmoja wao alikuwa Chrispin. Mtoto mwenye masikio, anasikiliza mpaka mdomo unabaki wazi. Siku Daudi alipokuwa anamkabili Goliathi, ng'ombe wa Chrispin waliingia kwenye mahindi ya mzee Kisyeri wakayala kana kwamba wamealikwa. Kisyeri akaja mbio na fimbo. Na Kisyeri wa wakati ule, mama yangu, si mtu wa kuombwa maji. Mama Boke akasimama katikati. Akasema, "Shikamoo mzee. Mtoto hana kosa. Hadithi ilikuwa yangu, kwa hiyo fimbo ni yangu." Mzee akabaki ameinua mkono, kumpiga mjane hawezi, kuushusha anaona aibu. Chrispin alikuwa ameshakimbia zamani na ng'ombe wake. Kesho yake Mama Boke alichukua jembe na mbegu zake mwenyewe, akapanda upya kila mstari ulioliwa. Tangu siku hiyo hakuanza hadithi yoyote bila kuwauliza kwanza, "Mura, ng'ombe wako wapi?" Mura kwao ni kijana. Wakishaonyesha kwa kidole, ndipo anaanza.

Miaka ikaenda. Chrispin akasoma, akamaliza kidato cha nne, akarudi akawa kiongozi wa vijana wa parishi. Akamuoa nani? Akamuoa Boke. Sisi tuliopika harusini tulifurahi sana, nikadhani Mama Boke amepata mtoto wa kiume wa kukaa naye jioni. Kumbe siwajui Wakurya. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana, la hasha, ni heshima, wenyewe wanaiita ensoni. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Tangu ng'ombe wa mahari walipoingia uani, yule mtoto aliyekunywa uji wake kilimani hakuweza tena hata kumpa shikamoo.

Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mama Boke, si ndiye yule yule Chrispin wako?" Akaniambia nisicheke vya watu. Basi nikaacha kucheka, ingawa moyoni sikuacha.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Mwaka jana idara ya elimu ya parishi ilileta utaratibu mpya: kila mwalimu wa shule ya Jumapili, hata wa kilimani, afundishe kwa kitabu cha mwongozo, ili watoto wote wafundishwe kitu kimoja, na asiyejua kusoma apishe wengine. Ikapangwa kwamba baada ya Pasaka kila mwalimu atasoma mbele ya kanisa. Utaratibu haukuwa mbaya, nisiwaseme. Lakini siku ile Mama Boke alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, uji niliompa ukapoa mkononi.

"Wakinichukulia wale watoto, Mama Mboje, nitabaki na nini? Boke ameolewa na sasa yuko Musoma anasomea uuguzi. Baba yake amelala pale nyuma ya nyumba. Mimi kazi yangu ni ile ya kilimani."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na roho iliniuma kweli. Nikasema nitamfundisha mimi, kwani nilifika darasa la saba. Nilimfundisha jioni moja tu. Alipoikosea herufi ile ile mara ya tatu nikafunga daftari nikamwambia akalale. Na yeye akaniambia nikalale. Hatukusalimiana siku kadhaa. Ualimu ni karama, na mimi Mungu alinipa ya kupika.

Mchungaji wetu, Faustino, ni mtu wa Mbeya, alikuwa na miezi michache tu hapa. Mtu mwema, ana haraka ya wema. Aliposikia habari za Mama Boke akaanzisha darasa la watu wazima kila Jumatano alasiri, akatangaza mwenyewe Jumapili kanisani. "Mwalimu wetu atakuwa kijana wetu Chrispin, na mwanafunzi wa kwanza ni mama yetu Rhobi. Njooni wote wawili hapa mbele mpeane mkono, kanisa liwapigie makofi!"

Makofi ya nani? Kanisa zima lilivuta pumzi. Mama Boke akajifunika kanga kichwani, akatoka mlango wa pembeni bila kugeuka. Chrispin, ambaye siku zote anakaa dawati la mwisho nyuma ya nguzo na kuondoka kabla ya baraka, akarukia dirishani na Biblia yake. Mchungaji akabaki amenyoosha mikono miwili, anauliza, "Nimesema nini?" Mzee Kisyeri, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, akainuka akamwambia taratibu, "Umewavua nguo, Mchungaji."

Jumatano ya kwanza darasa lilijaa watu, Mama Boke hakuja. Mchungaji akaenda kumwomba radhi, akamwambia katika Kristo hakuna mkwe. Mama Boke akamjibu kwamba hata Kristo alikuwa na mama, na bila shaka alimheshimu. Mchungaji akarudi kichwa chini. Pasaka inakuja, na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kumfundisha ndiye huyo asiyeweza kumtazama.

Aliyepata njia ni Chrispin. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakai. "Shikamoo mama. Kule kanisani kuna kile chumba cha wazee, kinatazamana na ukumbi. Tukifunga pazia mlangoni, yeye akae ndani, mimi nifundishe ukumbini. Nikimaliza kuandika ubaoni, mtu aubebe ubao ampelekee, naye akishaandika ya kwake aniletee."

"Mtu gani huyo?" nikauliza, na huku jibu nalijua.

Basi nikawa punda wa ubao. Kila Jumatano naingia na kutoka pale kwenye pazia, ubao kifuani, chaki mpaka puani. Na mazungumzo yao sasa! Chrispin anasema kwa sauti ukumbi wote unasikia: "Mama Mboje, mwambie mama aliye ndani kwamba mstari wa pili ameandika vizuri, ila wa tatu aurudie." Mimi nafungua mdomo nimwambie, yeye kutoka ndani: "Mwambie nimesikia." Nageuka: "Amesema amesikia." Wanafunzi wanavunjika mbavu. Siku moja nikachoka nikawaambia, "Nyie mnasikiana vizuri kuliko watu waliolala kitanda kimoja, mnanitesea nini?" Jumatano iliyofuata nilibeba ubao kama kawaida.

Lakini nilikuwa naona, maana mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naziona pande zote mbili. Nilimwona Mama Boke anavyofuatisha herufi kwa kidole, midomo inatetemeka kama ya mtoto anayeonja chumvi. Nilimwona na Chrispin nikimrudishia ubao, anavyoutazama muda mrefu kabla hajafuta. Mara nyingine alikuwa hafuti, ananiomba nimletee ubao mwingine.

Pasaka ikapita, Jumapili ya kusoma ikafika. Walimu wengine wakasoma, wakapita. Akaitwa Mama Boke. Chrispin alikuwa ameshatoka nje, amesimama ukutani karibu na dirisha, uso ameupa shamba. Mama Boke akafungua Zaburi, akasoma moja kwa moja, hakukwama hata mahali pamoja. Wanawake tukaanza vigelegele.

"Ngojeni," akasema mzee Kisyeri.

Kisyeri akasimama na fimbo yake, siku hizi ni ya kutembelea. "Huyu mama Zaburi zote anazijua kichwani, nani asiyejua hapa? Hata kitabu angekishika kichwa chini miguu juu angesoma hivyo hivyo. Mimi simchukii. Nataka asome jambo ambalo hajawahi kulisikia, ili kesho asitokee mtu wa kusema tulimpitisha kwa huruma."

Nilitaka kumrukia yule mzee. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na Mama Boke mwenyewe akasema, "Mzee amesema sawa. Nileteeni jambo jipya." Sauti ilikuwa ndogo. Nilijua anawaza wale watoto wa kilimani.

Mchungaji akauliza nani ataandika. Watu wote wakageuza macho dirishani. Mchungaji safari hii hakuwa na haraka, akamuuliza Kisyeri kwanza kama mila inaruhusu mkwe amwandikie mama mkwe. Mzee akafikiri, akakuna kidevu. "Mila inakataza macho na mdomo. Chaki sijawahi kusikia ikitajwa."

Nikatoa ubao nje kupitia mlango wa pembeni. Chrispin akaupokea, akauegemeza ukutani, akachutama mbele yake. Akakaa hivyo bila kuandika mpaka nikamwambia, "Mwanangu, watu wanangoja." Akaandika. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena, nikadhani ni woga wa mtihani. Sikuusoma, nikaubeba maandishi yakiwa yamenielekea kifuani, nikauweka mbele ya Mama Boke, wengine wasiweze kumnong'oneza.

Akaanza na kidole. Polepole, silabi moja baada ya nyingine. Hakukuwa na kichwa cha kumsaidia sasa.

"Ma-ma. Si-ku ng'o... ng'ombe wangu wa-li-po-i-ngia kwa mze-e Ki... Kisyeri."

Kisyeri akainua kichwa.

"U-li-simama ukasema fi-mbo ni ya-ko. Mimi ni-li-ki-mbia. Ni-li-taka ku-rudi ku-se-ma a..."

Akakwama. Akarudia mwanzo wa neno, akakwama tena. Nilikuwa namwombea mpaka kucha zinaingia viganjani. Akalitazama lile neno, nikaona machozi yameshaanza kabla mdomo haujafika.

"A-sa-nte. Asante. Nika-chelewa, ni-ka-wa mkwe. Asante ma-ma."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa analia waziwazi, na mimi sikuwa na haja ya kumcheka. Mzee Kisyeri akakaa chini. Akasema, bila kusimama, "Huyu anasoma. Hilo hakuna aliyemkaririsha. Aachiwe watoto wake." Kisha akatoa leso akapenga kamasi, na watu wakajifanya hawamwoni.

Mama Boke alikuwa bado yupo mbele ya ubao. Nikamsogelea, kwa mazoea nikamuuliza, "Nimwambie umesikia?"

Akatikisa kichwa. Akaomba chaki. Akaandika chini ya maneno ya mkwe wake, herufi kubwa, zimepanda kidogo upande wa kulia, na kila moja aliitengeneza kana kwamba anapanda mbegu. Alipomaliza akajipangusa mikono kwenye kanga.

Nikaubeba nje. Chrispin alikuwa amesimama pale pale, uso kaupa shamba, mabega yanamtingishika. Nikaugeuza ubao mbele yake.

NIMESOMA MWANANGU. NG'OMBE WAKO WAPI?

Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Akanyoosha kidole kuelekea kilimani, kama alivyokuwa akifanya utotoni, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mimi. Halafu akapangusa uso kwa mkono wa shati, akatoa chaki mfukoni, akaweka alama ya vema pembeni mwa mwandiko wa mama mkwe wake, akanirudishia ubao nimpelekee.