Kilio cha Waandishi

Ukifika mtaa wa Makomeno ukauliza waandishi wanakutana wapi, watu watakutazama tu. Uliza kilio cha waandishi kiko wapi, na hata mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye kona atakuonyesha kwa kidevu parsele, kiwanja na nyumba, ya mama yangu. Kwetu Lubumbashi kilio si machozi peke yake, ni msiba wenyewe: viti, moto, chai, nyimbo, na majirani wanaofika kabla hujawaita. Mimi nilikuwa nimetutafutia jina la Kifaransa, refu na la heshima, nikaliandika kwa rangi ya buluu kwenye kitambaa. Hakuna aliyelitumia hata mara moja. Mwanzoni jambo hilo lilinikera, maana mimi ni mtu wa kukereka upesi. Siku hizi mtu akinisimamisha njiani kuniuliza kilio kingine ni lini, nafurahi mpaka natamani kumkumbatia palepale, na mikoba yake yote.

Jina hilo la kilio tulilipata kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa letu.

Kazi yangu ni kuuza miwani, katikati ya mji. Wateja wangu wengi huingia wakiapa kwamba wanaona vizuri kabisa, ila siku hizi watu wanachapisha herufi ndogo mno. Nimezoea. Siku moja akaingia mwalimu wa Kifaransa, mwanamke aliye mdogo kwangu kidogo, macho mekundu kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi. Nikamwuliza anasoma nini cha kumchosha hivyo. Akautazama mlango kwanza, akashusha sauti, akasema si kusoma. Anaandika.

Nusura nimwangushie kioo. Mimi nami nilikuwa na hadithi zangu, nimezificha ndani ya maboksi ya fremu, na kwa miaka nilidhani katika mji huu mzima ni mimi peke yangu niliye na ugonjwa huo. Tulifunga duka mchana kweupe tukasomeana mpaka sauti zikakauka. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Wa tatu alikuwa mzee mstaafu wa redio. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo, na mji mzima unaijua sauti yake. Alipoingia dukani kutafuta miwani ya kusomea na kusema tu, "Jambo, mama," mteja mmoja aliyekuwa pale alivua kofia. Kumbe mzee huyu, nyumbani kwake, anaandika mashairi ya mapenzi! Anayasoma kwa sauti ileile ya msiba, na mimi huwa najiuma mdomo nisicheke, maana mashairi ni mazuri kweli.

Basi tukawa watatu, na tukataka kuwa wengi. Kila mtu anayeandika katika mji huu anajificha kivyake. Sisi tulitaka mahali ambapo mtu atakuja na karatasi yake, apewe chai, asikilizwe. Tukaalikwa Golf, mtaa wa wenye nazo, kwenye nyumba moja kubwa ambako watu waliosoma walikuwa wakikutana kuzungumzia vitabu. Mlinzi wa getini alituuliza mara mbili kama kweli ni sisi tulioalikwa. Ndani, mwalimu alisoma ukurasa mmoja wa maandishi yake. Hakuwa ameyaandika kwa Kifaransa anachofundisha, bali kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile tunachogombana nacho na kubembelezana nacho. Mwenye nyumba akatabasamu. Akasema lugha hiyo ni nzuri ya kununulia nyanya, lakini si ya kuandikia kitabu. Wageni wakacheka. Mwalimu akakunja ukurasa wake mara nyingi, mpaka ukawa mdogo wa kuingia ndani ya kiganja.

Nilisimama. Nilikuwa nimeleta sahani ya maandazi, na nikaichukua, na maandazi yake, pamoja na lile ambalo bwana mmoja alikuwa ameshalinyoshea mkono. Tukatoka. Bado sijaona sababu ya kujuta.

Lakini tangu siku hiyo mwalimu hakusoma tena. Tulikutana dukani kwangu, sisi watatu na kiti kimoja tulichokiweka kwa yeyote atakayekuja, na hakuna aliyekuja. Nao ukurasa ule haukuwa ukurasa wa mchezo. Ulikuwa mwanzo wa maandishi yake juu ya baba yake. Baba huyo alitumika kwenye reli. Siku moja alipanda treni kwenda kaskazini, kwao, akafia huko, na habari ilichelewa sana kufika. Hawakuuona mwili, hawakuliona kaburi. Mama yake mwalimu alikataa kabisa kukaa kilio. Alisema hatakaa chini kwenye mkeka, mahali pa mjane, kwa ajili ya habari iliyoletwa na mdomo wa mtu. Majirani walipokuja na pole zao aliwajibu kwamba hakuna msiba, wakarudi makwao. Miaka ikapita hivyo. Mwalimu aliandika kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumlilia baba yake.

Siku moja aliniambia, akiniita yaya kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, huku akifuta miwani yake:

"Yaya, tujaribu mara moja tena. Kama iko tena siye batatu na kile kiti, minaacha. Minachoma yote, hata ya baba."

Nilijua hanitishi tu. Basi nilishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Nilimwomba mama yangu parsele yake, Jumapili baada ya misa. Nilizungumza na kila mteja aliyenunua miwani kwangu, hata wale ambao nina hakika hawajawahi kusoma kitu zaidi ya bei. Mwalimu alisema atamleta mama yake, lakini hakumwambia atasoma nini, kama atasoma. Mimi usingizi ulinihama kwa furaha na wasiwasi.

Jumapili ilipofika mawingu yalikuwa yamejikusanya, nikaagiza bashi, turubai kubwa, lifungwe uani kwa ajili ya mvua. Viti vya plastiki vikaja, vya buluu, na kijana aliyevileta akavipanga kuzunguka ukuta bila kuniuliza. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mama yangu akawasha moto wa magogo karibu na geti ili chai ya watu wengi ichemke haraka. Akatandika na mikeka kwa wanawake watakaopenda kunyosha miguu. Mimi nilisimama katikati nikaangalia, nikaona kila kitu kimependeza.

Bashi, viti ukutani, moto wa magogo getini, mikeka. Mtoto yeyote wa Lubumbashi angejua mara moja pale pana nini. Sisi tuliojiita waandishi, watu wa kuangalia mambo, hatukuona.

Kisha mzee wa redio akataka kujaribu spika yake ya betri. Hakujua aseme nini, na mdomo ukaenda wenyewe mahali ulipozoea. Nikaisikia ile sauti ikipita juu ya kuta za majirani, nzito na ya polepole, ikiwaalika ndugu, jamaa na marafiki wote, wa karibu na wa mbali, wafike kwenye parsele ya mama fulani, akamtaja mama yangu jina kamili, na jina la barabara, na akarudia kama tangazo linavyorudiwa.

Barabara yote ilinyamaza. Hata muziki wa baa ulizimwa.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa nyumba ya pili, rafiki wa mama yangu tangu ujana. Aliingia miguu mitupu, kitenge amekifunga kiunoni, mikono kichwani, analia jina la mama yangu kwa sauti iliyonitoa roho. Akapita getini, akapita moto, akafika katikati ya uwanja. Mama yangu akatoka jikoni na kijiko mkononi kuona ni nani aliyefiwa.

Wakatazamana.

"Kumbe uko muzima?" jirani akasema. "Na machozi yangu yote hii?"

Mama yangu akamjibu kwamba machozi hayapotei, na kwamba akae, chai iko karibu. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika nguzo ya bashi. Lakini nyuma ya jirani walikuwa wanaingia wengine, na wengine nyuma yao: akina mama na vitenge vyao, wazee na kofia mkononi, wale wa kwaya, mama wa makala, wengine wamebeba sukari na unga kama watu wanavyobeba. Walikaa kwa utaratibu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, kimya. Viti vikaisha. Wakataka kujua ni nani aliyekufa.

Mzee wa redio alikuwa amejificha nyuma ya spika. Ikabidi nisimame mimi. Niliwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba sisi ni watu tunaoandika, kwamba tulitaka tu watu waje watusikilize. Mzee mmoja akauliza kama chai ni ya kweli au nayo imeandikwa tu. Watu wakacheka, na katika kicheko hicho nikajua hawaondoki. Walikuwa wameshavaa, wameshatembea, wameshakaa. Na kwetu mtu hanyanyuki kwenye mkeka wa watu hivi hivi. Walitaka kuona ni jambo gani hilo lililowatoa majumbani.

Nilikuwa nimeomba Mungu watu kumi, naye amenipa barabara nzima. Nikageuka kumtafuta mwalimu, nikamkuta ameegemea ukuta, kurasa zimebanwa kifuani. Aliogopa uwanja mtupu; sasa aliogopa uwanja uliojaa. Nikamwambia hakuna atakayemlazimisha. Yeye hakunisikia. Alikuwa anamtazama mama yake, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo, mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti, akiwa mwanamke pekee wa umri wake asiyekaa chini.

Mwalimu akaenda mbele bila spika.

"Mwenye alikufa eko," akasema. "Ni baba yangu. Alikufaka zamani, kule kaskazini. Hatukumuliliaka."

Uwanja ukabadilika. Wanawake wakavuta vitenge mabegani, wazee wakaweka vikombe chini. Hawa walikuwa wamekuja kwa kazi hiyo hasa, na sasa kazi imepatikana. Naye akaanza kusoma, kwa Kiswahili kilekile cha kununulia nyanya. Alisoma jinsi baba yake alivyokuwa akirudi kutoka karakana: "Harufu ya mafuta ya masini njo ilikuwa inaingia ya kwanza, kisha baba." Mzee mmoja wa reli akaitikia kwa sauti, kweli. Alisoma juu ya filimbi aliyowapigia watoto kuwaita mezani, na juu ya ile treni ya mwisho, na juu ya sahani yake ambayo iliendelea kuwekwa mezani, safi, kila jioni, hata watoto walipokuwa wameshaacha kuuliza.

Kila alipopumzika, watu waliitikia. Katika nyumba ile ya Golf walimsikiliza wakiwa wamekunja nne. Hapa walikuwa wanasema "ndiyo", wanasema "mama yangu!", walicheka palipochekesha, na jirani aliyemlilia mama yangu bure alipata sasa mtu wa kumlilia, akamlilia vizuri. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, vyote pamoja, na sikutaka kuyafuta.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa msiba, wengine wakaupokea, na ukaimbwa mpaka mwisho.

Kisha tukamwona mama yake mwalimu anasimama. Nilidhani anaondoka, na nikamwona mwalimu naye anadhani hivyohivyo, maana kurasa zilianza kukunjika mkononi mwake. Mama yule akaweka mkoba wake kwenye kiti. Akavua viatu, kimoja, kisha kingine, akavipanga pamoja. Akashika bega la mama yangu, akajishusha polepole mpaka chini, akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyosha mbele, mahali pa mjane. Wanawake wakasogea kumpa nafasi. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakilaza mapajani.

"Sasa soma tena," akamwambia binti yake. "Toka mwanzo. Ile ya kwanza nilisikia niko mu kiti."

Mwalimu akazikunjua kurasa juu ya goti lake, akavaa miwani aliyonunua kwangu, akaanza upya.