Gari Lililokuja Bila Sauti

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposhuka mteremko kwa gari. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo kutoka chuo kikuu, mwezi wa sita, wakati baridi ya Njombe inapokaza na nyasi huamka zimeganda kwa weupe. Mama nami tulikuwa tukifuata lami iendayo Makambako, yeye na ndoo ya viazi kichwani, mimi na mfuko begani, kuelekea mahali pa kusubiri basi. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, hata miti ya miwati ikaonekana kama watu waliosimama wakitungoja.

Kwetu, ukungu ukiwa mzito hivyo, waenda kwa miguu huacha kuzungumza. Gari husikika kabla halijaonekana. Watu hutega masikio, na wakisikia mngurumo husogea majanini. Tulipofika mahali pa kuvuka, mama alinigusa mkono ninyamaze. Tukasimama, tukasikiliza. Palikuwa na ukimya ule mtamu unaomfanya mtu ahisi bado yumo usingizini. Tukavuka.

Gari lilitoka ndani ya weupe ule bila sauti, kama kitu kinachoelea. Nakiri kwamba kwa nukta moja niliona ni zuri. Kisha mama akanisukuma kwa nguvu zake zote, nikaangukia mtaroni. Nilipoinua kichwa alikuwa ameketi ukingoni mwa lami, ameshika goti, na viazi vikibingirika mteremkoni kimoja baada ya kingine, vikipotelea ukunguni.

Gari likasimama mbali kule chini. Mtu akapanda mlima mbio, akipaza sauti: "Nani? Jamani, ni nani?"

"Ni mke wa kaka yako," mama akajibu. "Ulikuwa unamtafuta mwingine?"

Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu, na pikapu aliyoinunua baada ya mavuno. Akapiga magoti pale pale kwenye lami.

"Shemeji, nisamehe. Sikuona mtu."

"Najua hukuona. Nami sikukusikia. Hilo gari injini yake ni ya mapambo?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. "Mteremko huu huwa natoa gia, nazima kabisa, shemeji. Linajishukia lenyewe. Petroli inabaki."

"Inabaki! Basi ungekuja msibani kwangu na tangi limejaa."

Nilikaribia kucheka, mwanangu, ila baba mdogo alikuwa tayari amemshika mama mkono. Tulimnyanyua mama pamoja. Hakukubali kupanda mpaka injini iwashwe na gia itiwe, naye aisikie kwa masikio yake. Tukateremka polepole, pikapu ikinguruma, yeye kati yetu, amefumba macho. Goti lile halikupona sawasawa. Hadi leo, baridi ikianza, hulifunga kitambaa cha sufu, na hatembei tena hadi barabarani.

Sasa nina gari langu, na mshahara unaokwisha mapema, kwa hiyo naijua vizuri hesabu ya baba mdogo. Haikuwa hesabu ya mjinga. Alijibana kwa ajili ya watoto wake, kama sote tunavyojibana. Wenzangu hubishana kama kutoa gia mteremkoni kunaokoa chochote katika magari haya ya siku hizi yenye kompyuta. Mabishano hayo mimi huyaacha yapite. Hata kama kungeniokolea nusu ya tangi, bado ningeshuka na gia, taa zikiwaka, honi ikiwa karibu na kidole changu.

Na simu naiona vivyo hivyo. Dereva anayesoma ujumbe huku gari linakwenda amefanya lile lile: gari lipo, mwenyewe hayupo. Ujumbe mwingi huuliza tu, umefika wapi? Jibu lake ni kufika.

Umepata leseni juzi, na furaha yako naiona. Sikukatazi kubana matumizi. Kipato chetu kinatudai tubane. Ila kila unapopata njia ya kupunguza gharama, uliza kwanza gharama hiyo inahamia kwa nani. Ikiwa inahamia kwa mtu aendaye kwa miguu, asiyejua hata kwamba upo njiani, huo si ubanaji; umemtwisha mzigo wako bila kumwomba. Lipa mwenyewe kilicho chako. Petroli itakwisha, nawe utanunua nyingine. Goti la mama yangu sijalipata dukani.

Mungu akujalie subira katika miteremko na macho yaliyo wazi katika ukungu. Akufikishe salama uendako, mwanangu, na wote utakaowapita njiani wafike pia.