Mbao Nzima, Haina Ufa

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nilijifunza gitaa peke yangu kwa video, na video zikanitia hofu kwamba gitaa la plaiwudi, yaani tabaka za mbao zilizogundishwa, ni aibu; la maana ni la mbao nzima, isiyo na tabaka. Kwa hiyo hapa kisiwani Amu nilimhoji Bi Mwanaisha, aliyekuwa akiuza gitaa, hadi akachoka.

“Ni mbao nzima, Bi?”

“Nzima, mwanangu. Haina hata ufa.”

Bei ilikuwa nafuu mno, lakini sikushtuka. Nilitaka wanakwaya wa kanisani wanikubali niwapigie Jumapili, basi nikalinunua, nikaingia mazoezini nikitangaza, “Si plaiwudi hii! Mbao nzima!”

Mwalimu Baraka, kiongozi wetu, akachungulia ukingo wa tundu la gitaa. “Na hizi tabaka? Umenunua gitaa au chapati?”

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Kumbe Bi Mwanaisha alimaanisha tu kwamba halijapasuka! Nikaanza kulirudisha kwenye mfuko wake.

“Unaenda wapi?” Mwalimu akatoa gitaa lake, la mbao nzima kweli. Ufa ulikuwa umelikata kifua chote. “Hewa ya bahari imenimalizia hili. Plaiwudi yako ndiyo itakayovumilia huku. Keti, tupe sauti.”

Nikaketi upesi, kabla hajabadili nia, nikicheka kuwashinda wote.