Kadi ya Mchango wa Aika

Ndeshi, mama wa Kijenge aliyeuza mitumba soko la Kilombero, hakuwahi kukosa kamati ya harusi tangu ahamie Arusha kutoka Machame. Ukimletea kadi ya mchango anaipokea, anatoa, na siku yenyewe anakuja na kitenge kipya. Mchango wa harusi ni kupanda: leo kwako, kesho kwangu. Ila yeye alipanda bila kutegemea kuvuna. Mwanawe wa pekee, Aika, alizaliwa na hali ambayo daktari aliiita sindromu ya Down, inayochelewesha kusema na kujifunza, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna aliyeuliza harusi yake ni lini.

Aika mwenyewe hakutaka harusi. Alitaka cherehani. Mwaka mzima alisomea ushonaji katika chuo kidogo cha kanisa, akajua kukata na kushona kwa mkono. Cherehani zilikuwa za mwaka wa pili. Hapo ndipo wafadhili waliokuwa wakimlipia wakaandika kwamba fungu lao ni la watoto, na huyu ni mtu mzima. Serikali nayo, miaka ile ya tisini, ilishasema kila mtu achangie gharama za masomo. Ada ilitakiwa kabla ya Januari, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ndeshi alilia siku mbili. Ya tatu akaenda kwa mchapaji wa kadi.

"Harusi ya nani, mama?" mchapaji akauliza.

"Si harusi. Andika: Kamati ya Masomo ya Aika."

Jamani, watu walisema! Wengine waliipokea kadi ile kwa vidole viwili. Hata hivyo, Jumapili baada ya ibada, ndugu na majirani kumi na wawili walikaa sebuleni kwake wakinywa chai. Uenyekiti alipewa Elihuruma, mdogo wa marehemu mumewe, fundi mwenye gereji Sombetini. Hakuwa mtu mbaya huyo. Alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa.

"Shemeji," akaanza, "huyu mtoto hatakosa chakula wala nguo tukiwa hai. Lakini miaka ishirini na tisa? Shule ina umri wake. Kama ni kamati, basi iwe ya jambo linaloeleweka."

Wengine wakainamia vikombe vyao. Ndeshi alishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu: siku akifa yeye, chakula hicho na nguo hizo Aika atakuwa anaviomba.

Aika alikuwa akipitisha birika. Akamwongezea baba yake mdogo chai, kisha akasema polepole, maana ndivyo maneno yanavyomtoka, "Baba mdogo, wewe ulipokwenda chuo ulikuwa na ndevu."

Aika akaweka birika mezani.

"Na mwanao Hans alikuwa anatembea. Baba aliuza ng'ombe. Mimi nililia, kwa sababu ndama alibaki."

Ilikuwa kweli, na wakubwa wote mle ndani waliijua. Elihuruma alikuwa na miaka thelathini na mbili, mke, mtoto, na hana kazi, kaka yake alipomlipia ufundi wa magari Moshi. Siku zile hakuna aliyemwambia shule ina umri wake.

Elihuruma aliweka kikombe chini, akapapasa kidevu. "Nilikuwa nimesahau, mwanangu," akamwambia Aika. Akamgeukia jirani aliyekuwa katibu wa kamati.

"Nusu ya ada naitoa mimi. Lakini andika jina la kaka yangu kwanza. Langu liweke chini yake."